Ulichoniambia Kule Ngara

Mtaa wa Satellite, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Nafula,

Umekwenda mtaa wa Mountain View kuchukua vitu vyako vilivyobaki kwa rafiki yako, na umesema hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Nina kama saa tatu. Pumzi inanikatikia hata nikiwa nimekaa, kwa hiyo nitaandika polepole na sitarudi nyuma kusafisha. Ukikuta mstari umepinda, ujue nilipumzika hapo.

Sitakuandikia mambo ya sweta wala ya maji ya kunywa. Hayo unayajua kuliko mimi, na binamu yako muuguzi, aliyekutafutia nafasi katika hospitali ile ya India, atakupokea. Nataka kuandika juu ya fomu.

Juzi uliniachia mezani fomu ya hospitali, ile ambayo mgonjwa anaeleza historia ya ugonjwa kwa maneno yake mwenyewe. Ulisema, "Baba, nipitishie macho, wewe ndiye mtu wa maabara." Nikavaa miwani nikasoma. Umeandika kwa Kiingereza safi, bila kujihurumia. Nikafika swali la tisa: dalili zilianza lini, na ulimwambia nani kwa mara ya kwanza? Jibu lako naliweka hapa kwa Kiswahili chetu: "Zilianza nikiwa shuleni. Sikumwambia mtu kwamba damu inafuata siku zangu za mwezi. Niliona haya. Najilaumu kwa kuchelewa."

Mama, hiyo si kweli. Ulisema. Ulisema mapema, ukasema vizuri, ukamwambia mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta magonjwa. Uliniambia mimi. Mimi ndiye niliyeyafuta maneno yako, na majuzi nikakufanya uamini kwamba hukuyasema. Nimekuwa nikingoja nafasi nzuri ya kukuambia, na daktari wangu wa moyo ameniambia waziwazi kwamba nisipange mambo ya mbali. Huenda ukirudi usinikute. Basi nafasi nzuri ni hii mbovu niliyo nayo.

Ilikuwa Jumatatu. Maabara yetu ilikuwa Ngara, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la jumla la ndoo na sahani za plastiki. Nilikuwa nimestaafu serikalini, na mwenye maabara alinichukua kwa sababu mvi zangu zilituliza wateja. Mama yako alikuwa amefariki ulipokuwa kidato cha pili. Wewe ulikuwa umemaliza shule, una miaka kumi na minane, unangoja kwenda chuo. Ulipanda zile ngazi umeinama, mkono mmoja tumboni na mwingine ukutani, nami nikakuona kupitia kioo kabla hujaniona.

Bi Rukia, karani wetu wa mapokezi, yule mama wa Mombasa aliyekuwa akikupa kaimati, alikuvutia kiti. Nikatoka na koti langu jeupe. Ulinitazama, ukatazama sakafu, ukasema:

"Baba, nikienda choo inatoka na damu. Na uchungu ni kama kuna mtu ananikata huko ndani. Lakini si kila siku. Inakuja tu nikiwa kwa siku zangu za mwezi. Zikiisha, inaisha. Imekuwa hivi tangu nikiwa shule."

Nimeyaandika jinsi ulivyoyasema. Sijasahau hata moja. Katika maneno hayo machache, ya msichana asiyesomea udaktari, ugonjwa wote ulikuwamo: mahali, maumivu, damu, na wakati. Wakati ndio uliokuwa ufunguo. Ulinikabidhi, nami nikajifanya sikuuona.

Unajua kwa nini nakuita mama. Ulipozaliwa, kukhu yako, mama yangu mzazi, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, nasi tukakupa jina lake. Tangu siku hiyo hukuwa mtoto tu katika nyumba hii. Ulikuwa unapewa kiti. Ndugu zangu wakija kutoka Bungoma walikuamkia wewe kwanza, hata ulipokuwa hujui kutembea, na mimi mwenyewe sikuwahi kukuchapa wala kukuita kwa sauti ya juu. Nilikuwa najivunia jambo hilo. Lakini mtu anayemwita bintiye mama humpa heshima, kisha humnyima masikio, kwa sababu kuna mambo mwanamume hamwulizi mama yake mzazi. Uliposema "siku zangu za mwezi" mbele ya Bi Rukia na wateja wawili, nilisikia kama kukhu yako ndiye ameyasema, na uso wangu ukawaka moto.

Nikachukua fomu ya maabara. Ina mistari miwili ya maelezo ya mgonjwa. Nikaandika: maumivu ya tumbo, choo chenye damu. Nikaweka nukta.

Bi Rukia alikuwa akichungulia juu ya bega langu. Ulikuwa umeingia msalani na kikopo cha sampuli.

"Bwana Wanyonyi," akasema, "mtoto kasema damu yaja na siku zake. Mbona hukuandika?"

"Hayo ni mambo ya wanawake, Bi Rukia."

"Na huyu nani? Wamwona mwanamume?"

"Mama yake angekuwapo angeyashughulikia."

"Mamake hayupo. Upo wewe." Akacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. "Kila siku wapima mikojo na vinyesi vya mji mzima, huoni haya. Leo damu ya mwanao ndiyo yakushinda? Andika, baba. Neno halikung'ati."

Nikamwambia ashughulike na mapokezi. Alirudi kwenye kiti chake, na nadhani hakunisamehe. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine minne na hakunitania tena.

Sasa nikuambie nilichokiona. Niliweka tone la maji ya chumvi kwenye slaidi, na slaidi ya pili nikaiwekea ayodini, kama nilivyofanya maelfu ya mara. Nikainama kwenye hadubini. Chembe nyekundu za damu zilijaa kila nilipotazama. Amiba hakuna. Nikatengeneza slaidi ya tatu, nikaipitia yote, kona hadi kona. Hakuna. Hakukuwa na kimelea chochote, wala usaha wa kutosha kuonyesha kwamba kuna kidudu kinakula utumbo. Ilikuwa damu safi, isiyo na mwenyewe.

Lazima ujue jinsi maabara ndogo za mjini zinavyofanya kazi ndipo uelewe kosa hili. Mteja akipewa karatasi iliyoandikwa "hakuna kilichoonekana", hukasirika. Anaona ametapeliwa, na hatarudi. Kwa hiyo wenzangu wengine walikuwa na mtindo wa kuona kitu kila mara: amiba kidogo, taifodi kidogo. Nusu ya watu wa mji huu wamewahi kuambiwa wana taifodi. Mimi sikuwahi. Niliwacheka waliofanya hivyo. Niliwaambia vijana wa maabara kwamba anayeandika asichokiona ni heri aende akauze ndoo pale chini. Miaka thelathini na zaidi sikuandika nisichokiona.

Siku hiyo nikaandika: amiba imeonekana.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuandika tu ukweli, damu ipo, chanzo hakijulikani. Jibu ni dogo na linaniaibisha kuliko kosa lenyewe. Ningeandika hivyo, ungepaswa kwenda kwa daktari. Daktari angetaka kujua damu inakuja lini. Nawe ungemjibu mbele yangu, kwa kuwa ningekuwa nimekusindikiza, nami ningelazimika kukaa pale nikisikiliza. Nilikuokoa na swali moja, nikidhani nakuhifadhia heshima. Niliyemhifadhi ni mimi.

Ukameza zile tembe chungu za amiba. Siku ya tatu ulikuja jikoni ukicheka, ukasema, "Baba, wewe unashinda madaktari." Bila shaka ulikuwa na nafuu. Siku zako zilikuwa zimeisha. Hata ungemeza chaki ungepata nafuu. Nililijua hilo nikiwa na tonge mkononi, na nikaendelea kula.

Mwezi uliofuata maumivu yakarudi. Nikakuambia amiba ni sugu, hurudi. Ukameza tena, ukapona tena, nami nikasifiwa tena. Ikawa desturi ya nyumba. Halafu likaja jambo ambalo hujawahi kulijua. Nilianza kuzileta tembe nyumbani kabla hujaziomba. Ulikuwa ukikuta pakiti karibu na redio, ukisema, "Baba, umejuaje?" Nilijua kwa sababu nilikuwa nahesabu siku. Kwenye kalenda ya ukutani nilikuwa natia nukta ndogo ya penseli, na nukta zile zilifuatana kila mwezi kama askari. Mtu aliyeshindwa kuandika neno moja kwenye fomu alikuwa na ushahidi wote ukutani kwake, miaka mingi. Nilifahamu kitambo kabla ya daktari yeyote kwamba damu yako ya utumbo ilikuwa inafuata hedhi. Nimeliandika neno hilo sasa. Linatoka kirahisi tu.

Na wewe hukuwa wa kwanza. Mama yako naye alikuwa akijikunja siku zake, akikaa chooni muda mrefu huku ameuma kitambaa ili nisisikie. Nilikuwa nasikia. Nilikuwa nachukua kofia nikatoka, nikatembea hadi Kawangware na kurudi, nikidhani nampa nafasi. Sikuwahi kumwuliza. Alikufa kwa ugonjwa mwingine, lakini alikufa bila mumewe kujua maumivu yale yalikuwa yapi. Wewe ulipoanza, nilikuwa na wagonjwa wawili wa kulinganisha, nami nikavaa kofia tena.

Karatasi yangu ikaanza kutembea. Ulipokwenda chuo, zahanati ya huko ikaomba majibu ya zamani. Wakaandika: ana historia ya amiba sugu. Hospitali iliyofuata ikanakili hivyo. Mwingine akaongeza vidonda vya tumbo, mwingine taifodi, mwingine akasema utumbo wako una wasiwasi kwa sababu wewe mwenyewe una wasiwasi. Waliokutia kamera ya utumbo hawakuona kitu, wakakuambia ni stress, upunguze kazi. Kila mmoja wao alianza kusoma pale nilipoandika mimi. Ukiuona mto umechafuka mahali pengi, nenda juu utazame nani anafulia huko. Alikuwa baba yako.

Ukaolewa na Patrick, mkakaa Mountain View. Kuhusu ndoa ile nina jambo moja la kukiri, nalo ndilo linaloniamsha usiku.

Siku wazee wao walipokuja hapa sebuleni, Mzee Barasa, baba mdogo wake Patrick, ndiye aliyezungumza. Unakumbuka.

"Wanyonyi, sisi tunakuheshimu," alisema. "Lakini mlitupa mtoto mgonjwa mkanyamaza. Kila mwezi siku nne yuko kitandani. Chakula hapiki, mume hamtaki karibu, mtoto hakuna mwaka wa tano. Alitoka hivyo kwenu?"

Ningeweza kusema: ndiyo, mtoto wetu anaumwa, na sisi hatujui ugonjwa ni nini, tusaidiane kutafuta. Wangekusikiliza tofauti. Badala yake niliinuka, nikaingia chumbani, nikarudi na faili. Nikatoa ile karatasi ya Ngara nikaipitisha mkono kwa mkono kama hati ya shamba.

"Someni wenyewe," nikasema. "Alikuwa na amiba, tukamtibu, akapona. Kwangu alitoka mzima. Yaliyobaki ni ya kwenu."

Mzee Barasa aliisoma, akairudisha mezani taratibu. "Kama alipona," akasema, "basi huu ni uvivu."

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na birika la chai. Ulinitazama ukingoja niseme neno. Nilikuwa nimeshinda hoja yangu, jina la nyumba limebaki safi, na bei ya ushindi huo ilikuwa wewe kuitwa mwongo wa mwili wako mwenyewe mbele ya wanaume sita. Nikairudisha karatasi kwenye faili. Uliwamiminia chai wote, hata Barasa. Mwezi ule ule ukarudi nyumbani na begi moja. Nilikupokea vizuri, nikakutengenezea chumba, na majirani wakasema una baba mwema.

Halafu mwaka huu, yule daktari. Msichana mdogo, mwenye viatu vya raba, ambaye mwanzoni nilidhani ni muuguzi. Alitaka nitoke nje. "Mzee, utatupisha kidogo?" Wewe ukasema, "Wacha akae, Daktari, ni mtu wa maabara." Nikakaa.

Alikuuliza maswali ambayo hayakuchukua hata robo saa. Damu inakuja lini? Ukienda haja kubwa siku hizo inakuwaje? Ukajibu, "Ni kama kupitisha chupa imevunjika." Na ukiwa na mume? Ukajibu hilo pia, kwa sauti ya kawaida, na mimi nikatazama picha ya figo iliyokuwa ukutani. Akauliza kama tumbo linavimba, kama choo kinafunga halafu kinafunguka, kama mama yako alikuwa na maumivu. Ukasema hujui. Mimi nilijua, na sikufungua mdomo.

Alipomaliza aliweka kalamu chini. "Dada, kabla hata ya picha, mimi nadhani una endometriosis, na nadhani imeshika utumbo. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota mahali si pake. Mwezi ukifika, nayo inavimba na kuvuja huko huko ilipo."

"Lakini kamera haikuona kitu," ukasema.

"Kamera inatembea ndani ya bomba. Huu ugonjwa mara nyingi unakaa ukutani, unaanzia upande wa nje unaingia polepole. Ndani panaweza kuonekana safi kabisa na wewe unaumia. Hukuwa unajitungia."

Ulilia hapo. Uliposikia maneno hayo ya mwisho ulilia kama mtu aliyefunguliwa kamba. Na baadaye picha ya MRI ikaonyesha uvimbe mgumu umeshika utumbo mpana karibu na njia ya haja, na mwingine mdogo juu yake. Ndiyo maana unahitaji wapasuaji wawili pamoja, wa uzazi na wa utumbo, na ndiyo maana wamekuonya kwamba huenda ukae na mfuko wa kupokelea choo tumboni kwa muda.

Lakini nirudi kwenye chumba kile. Daktari alikuwa akifunua faili lako. "Hii amiba," akasema, "naona kila mtu amenakili kutoka kwa huyu wa kwanza. Nani alipima?"

Ukafuta macho, ukasema kwa fahari, "Ni baba yangu."

Alinitazama. Sidhani alinishuku uongo. Alidhani ni mzee aliyekosea. Akasema kwa adabu, "Labda zote mbili zilikuwapo."

Nami nikatikisa kichwa kukubali, Nafula. Katika umri huu, huku moyo wangu ukihesabu siku zake, nilipewa mlango wa kutokea nikautumia.

Tulipofika nyumbani ulikaa kwenye mkono wa kiti changu. Ulisema, "Baba, ile siku ya Ngara, si nilikuambia inakuja na siku zangu? Najiona kama nilikuambia."

Nikasema, "Hapana, mama. Ulisema tumbo tu. Ningesahau jambo kama hilo?"

Ukafikiri. Ukacheka kidogo. "Labda nimejitungia. Nilikuwa naona haya sana siku hizo."

Kisha fomu ya India ilipokuja, ukaijaza hivyo.

Nimekosa mengi maishani na mengi nimeyasahau. La karatasi lilikuwa woga. La wazee lilikuwa kiburi. Hili la tatu silijui jina. Nilikukuta umeshika kitu kimoja ulichobaki nacho, kumbukumbu yako kwamba ulijitetea, nikakunyang'anya ili niendelee kuitwa mtu wa maabara. Nilipoliona jibu lako la swali la tisa, na lile neno "najilaumu", nilijua siwezi kufa hivyo.

Kwa hiyo nimefanya mambo mawili leo asubuhi ulipokuwa ukioga na kufunga mizigo.

La kwanza, nilimpigia Mzee Barasa. Alishangaa kunisikia.

"Wanyonyi! Bado uko? Nilisikia wewe ni mgonjwa."

"Niko kidogo. Barasa, ile karatasi niliyowaonyesha ilikuwa ya uongo. Niliiandika mwenyewe. Mtoto alikuwa mgonjwa kweli, tangu kwetu, na sasa ugonjwa umeonekana. Hakuwa mvivu."

Nikamsikia akipunguza sauti ya redio. "Sasa unaniambia ili nifanye nini? Kijana ameshaoa, ana watoto."

"Usifanye kitu. Nilitaka usikie kwangu."

"Haya. Nimesikia." Akakata. Baada ya dakika kama tano akapiga tena. "Huyo mtoto anasafiri lini?"

"Kesho."

"Mwambie..." Akakohoa. "Mimi ndiye niliyesema lile neno la uvivu. Mwambie nalikumbuka."

Nakufikishia. Si lazima ulipokee.

La pili ni karatasi yenyewe, iliyo mbele kabisa katika faili lako. Sikuichana. Ningeichana ningekuwa nimefuta tena. Nimeandika katikati yake kwa Kiingereza, ili madaktari wa India waisome, kwamba majibu haya hayakuwa ya kweli. Kwamba amiba haikuonekana, ila chembe nyekundu za damu peke yake. Kwamba mgonjwa alieleza, akiwa na miaka kumi na minane, kuwa damu hutoka wakati wa hedhi na hukoma hedhi ikikoma, na mpimaji akaacha kuandika. Nimetia jina langu kamili na sahihi. Nimeambatisha pia maelezo ya maumivu ya mama yako, yale niliyokuwa nikiyasikia kupitia mlango wa choo. Wanapaswa kujua umeumwa kwa miaka mingapi kabla ya kukupasua, na wasimwamini yeyote aliyeanza kusoma kutoka kwangu.

Jibu lako la swali la tisa sijaligusa. Ni lako. Nakuomba tu ulisahihishe kwa mkono wako, uandike ulimwambia nani.

Kuhusu huko uendako sina mafundisho. Mtu kama mimi afundishe nini. Naweza tu kukuambia nilivyoona nikiwa upande wa pili wa meza. Daktari anayetazama saa ukisema, yule anayekuandikia kabla hujamaliza, yule anayeona haya kuliko wewe: huyo ni mimi. Usibaki kwake kwa adabu. Wewe ulibaki kwangu kwa adabu miaka kumi na sita.

Sikuombi unisamehe leo. Una mwili wa kushughulikia. Ukienda ukiwa na hasira, nenda nayo. Nadhani itakupa nguvu ya kuamka kitandani kule kuliko maombi yangu. Na ukipata habari yangu ukiwa huko, usikatize matibabu kwa ajili ya mazishi. Ndugu zangu watasema mengi. Waache waseme.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii katikati ya nguo zako ili uisome ukiwa angani, mimi nikiwa mbali na macho yako. Mkono ulikuwa tayari kwenye zipu ya begi. Halafu nikajiona, nikajua ni kofia ile ile.

Nasikia sauti yako nje, unazungumza na mama wa nyumba ya pili juu ya teksi ya kesho. Nitakupa mkononi ukiingia, kabla ya chakula, na nitakaa hapa hapa kwenye kiti ukisoma. Sitatoka. Ukimaliza, niulize. Uliza juu ya Ngara, juu ya mama yako, juu ya siku ya wazee. Uliza kwa sauti, hata jirani akisikia. Ukiuliza mara mbili nitajibu mara mbili.

Baba yako,
Wanyonyi